Miaka ya ziwani ihesabiwe kwenye vyeti vya maafisa wa meli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie masharti ya kumpatia mtu cheti cha afisa wa sitaha, yaani yule anayeshika zamu darajani (chumba cha kuongozea meli), anayesoma ramani na rada, na ambaye shehena na abiria wote wako mikononi mwake saa nahodha anapolala. Kazi hiyo nimeifanya Ziwa Tanganyika hadi nilipostaafu. Sasa niko Ujiji, na kila zinapotangazwa habari za meli mpya au za ukarabati wa meli za zamani, vijana wa mtaani hunijia na bahasha zao kuniuliza wapitie njia gani ili nao wawe maafisa. Kijana wa Tanga au wa Dar es Salaam akiuliza hivyo, jibu lipo. Huyu wa Kigoma, ambaye tayari ana miaka kadhaa ya kufanya kazi melini, ninashindwa kumwambia kwa uhakika kama miaka hiyo ina thamani yoyote, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nieleze kwanza masharti yenyewe, maana wengi huyasikia vipande vipande. Msingi wake ni mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu viwango vya mafunzo, utoaji wa vyeti na ushikaji wa zamu kwa mabaharia, unaojulikana kwa ufupisho wa STCW. Ulianza kutumika mwaka 1984, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010, na unasimamiwa na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lenye makao yake London. Anayetaka cheti cha afisa wa zamu katika meli yenye ujazo wa tani 500 au zaidi anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na awe na utumishi wa baharini usiopungua miezi 12, mradi utumishi huo ulikuwa sehemu ya programu ya mafunzo iliyoidhinishwa na uliandikwa hatua kwa hatua katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Ambaye hakupitia programu ya namna hiyo anatakiwa awe na miezi 36. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, miezi isiyopungua sita lazima iwe ya zamu darajani chini ya uangalizi wa nahodha au wa afisa mwenye sifa. Juu yake yanakuja mafunzo ya usalama, ya kuzima moto, ya kuendesha mashua za kuokolea, ya huduma ya kwanza na ya redio, pamoja na cheti cha afya ambacho hakidumu zaidi ya miaka miwili. Halafu ndipo mtihani.

Ngazi za juu nazo zimepangwa kwa hesabu. Afisa mkuu, ambaye mabaharia tunamwita chifu, katika meli ya tani 3,000 na kuendelea lazima awe ametumikia angalau miezi 12 akiwa afisa wa zamu. Nahodha wa meli hiyo anatakiwa awe na miezi 36, inayoweza kupunguzwa hadi 24 iwapo 12 kati yake alikuwa chifu. Wala cheti hakitolewi mara moja kikaisha habari, kwa sababu kila baada ya miaka mitano mwenye nacho anapaswa kuthibitisha kwamba bado anaiweza kazi, na njia ya kawaida ya kuthibitisha ni kuonyesha miezi 12 ya utumishi ndani ya miaka hiyo mitano.

Sina ugomvi na masharti hayo, na nisingependa barua hii isomwe kama ombi la kuyalegeza. Anayedhani miezi sita ya zamu chini ya uangalizi ni mingi hajawahi kuachiwa daraja saa nane za usiku. Shida iko kwenye mpaka wa mkataba wenyewe. Ibara yake ya tatu inasema unawahusu mabaharia wa meli zinazokwenda baharini, na maana iliyotolewa ya meli hizo inaziacha nje zile zinazotembea kwenye maji ya ndani peke yake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake kinafika mita 1,470, na mwambao wake ni wa nchi nne. Lakini mbele ya mkataba liko fungu moja na mto unaovukwa kwa pantoni.

Kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayetulazimisha tuwe na maafisa wa kiwango fulani ziwani. Jambo hilo tumeachiwa wenyewe, kupitia Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2003 na kanuni zake, chini ya usimamizi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua mwaka 2018 majukumu ya usafiri wa majini yaliyokuwa ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini. Kuachiwa wenyewe si jambo baya kama tunalitumia vizuri. Lakini tukumbuke kwamba MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, na kwamba katika ajali hii ya pili Rais John Magufuli alilieleza taifa kuwa nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo yanayostahili. Zote mbili zilikuwa Ziwa Victoria, kwenye maji ya ndani, mahali ambapo STCW haifiki. Sidai kwamba karatasi ingezizuia. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, baharini kabisa. Ninachosema ni kwamba ziwa linaua kama bahari inavyoua, na swali la nani ameshika zamu lina uzito uleule.

Upande wa pili wa mpaka huo ndio unaowagusa vijana ninaowazungumzia. Kijana aliyeanza kama baharia wa sitaha kwenye meli ya Kigoma, akajifunza usukani, akapandishwa kusimama zamu na afisa, siku moja anataka cheti cha baharini ili apande ngazi au aajiriwe pwani. Anapeleka muda wake ukapimwe. Ninawafahamu wawili waliotoka meli moja na kufanya kazi zinazofanana. Mmoja aliambiwa na ofisi moja kwamba sehemu ya muda wake ingekubaliwa, mwingine akaambiwa, tena kwa kuchekwa kidogo, kwamba ziwa si bahari na aanze upya kama kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa. Huenda wote wawili walijibiwa kwa nia njema. Hata hivyo, jibu linalotegemea umemkuta nani mezani haliwezi kuitwa kanuni.

Wakati mwingine, nikiri, kinachomwangusha kijana ni bahasha yenyewe. Nimefungua nyingi. Ndani unakuta barua ya mwenye chombo iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ikisema fulani "amefanya kazi kwetu vizuri na ni mwaminifu". Haina tarehe ya kupanda wala ya kushuka. Haina namba ya usajili ya chombo, ujazo wake wa tani, wala safari kilizokuwa kikifanya. Haisemi kama alikuwa mpishi, mpakiaji au mshika usukani, wala kama aliwahi kusimama zamu na zilikuwa saa ngapi kwa siku. Mtahini makini akiipata barua kama hiyo hana cha kuhesabu, na mimi ningekuwa mezani kwake nisingeihesabu. Kijana akirudi kuomba nyingine anakuta mwenye chombo amekiuza, amefariki, au hataki kuandika kwa sababu anaogopa ataulizwa habari za mikataba ya kazi na michango ya hifadhi ya jamii. Mmoja alizungushwa na mwajiri wake hadi akakata tamaa akaenda kuendesha bodaboda, na hakuwa mtu wa kupotezwa yule, kwa maana alikuwa na jicho la rada ambalo maafisa wengi wenye vyeti hawana.

Ninaposema jicho la rada nina maana mahususi. Usiku usio na mwezi kusini mwa Kigoma, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na kutoka darajani unaona mbele yako mistari ya taa nyeupe hadi upeo wa macho. Hazina nyekundu wala kijani za kukuonyesha chombo kimeelekea wapi. Chini ya taa hizo kuna mitumbwi miwili miwili iliyounganishwa kwa miti, na katikati yake wavu umeshushwa. Mbao hairudishi vizuri mawimbi ya rada, na maji yakishachafuka kidogo kioo kinajaa vitone ambavyo nusu yake ni mawimbi tu. Afisa wa zamu anapaswa kuamua ni taa ipi imesimama, ipi inavutwa na mkondo, na ipi ni boti ya abiria inayokwenda bila taa za pembeni. Halafu abadilishe mwelekeo mapema, kwa sababu meli iliyopakia haikatwi kona kama gari. Kijana aliyezizoea zamu za namna hiyo ana ujuzi wa kuepusha mgongano ambao kadeti aliyevuka bahari kuu usiku kucha bila kukutana na chombo hata kimoja hajapata nafasi ya kuujenga.

Kuna pia kupakia mahali pasipo na gati. Vituo vingi vya vijiji kwenye mwambao wetu havina pa kufunga meli. Meli husimama nje, boti na mitumbwi ya kijiji huja kuizunguka, na watu, magunia, madumu ya mawese na kuku hupandishwa kwa mlango wa ubavuni. Mwambao wa Mahale huzama ghafla, kwa hiyo nanga mara nyingi haina pa kushika. Afisa lazima ashikilie meli kwa injini dhidi ya upepo wa kusini wa kiangazi, ahakikishe maji ya rafadha (panga la injini) hayaivuti mitumbwi chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, ahesabu wanaopanda, na muda huohuo aangalie kwamba abiria wote hawajakimbilia upande mmoja kuwaaga ndugu zao. Shehena ikiwa juu ya sitaha na watu upande mmoja, msawazo wa meli unaharibika haraka. Katika mtaala wa STCW, kazi za afisa wa sitaha zimegawanywa mafungu matatu: uongozaji wa meli, ushughulikiaji wa shehena, na udhibiti wa meli pamoja na utunzaji wa watu waliomo. Kituo kimoja cha kijiji, ndani ya saa moja, kinamtahini mtu katika yote matatu.

Wapo watakaosema kwamba mkataba wa kimataifa hauruhusu kuhesabu muda wa ziwani. Nawaomba wausome tena. Maana ya utumishi wa baharini iliyomo kwenye kanuni zake ni utumishi katika meli unaohusiana na utoaji au uhuishaji wa cheti kinachoombwa, na kinachohusiana au kisichohusiana hupimwa na mamlaka ya nchi. Ibara ya tisa nayo inairuhusu nchi kuwa na mpango mwingine wa elimu na mafunzo, ukiwemo wa utumishi melini, mradi kiwango cha usalama kisipungue, na mpango huo uarifiwe IMO. Marekani, yenye Maziwa Makuu yake kule kaskazini, haikuona aibu: askari wake wa pwani, ambao ndio watoaji wa vyeti, huhesabu siku ya utumishi kwenye maziwa hayo kuwa sawa na siku ya baharini. Ulaya nayo, ambako mito kama Rhine na Danube hubeba shehena kubwa, ilipitisha mwaka 2017 sheria ya pamoja ya vyeti vya maji ya ndani, ambayo, katika mojawapo ya njia zake, inamtaka nahodha awe na umri wa miaka 18, mafunzo yaliyoidhinishwa ya angalau miaka miwili na siku zisizopungua 360 za safari, zote zikiwa zimeandikwa kwenye kitabu chake cha utumishi.

Sitaki kwenda umbali wa Wamarekani. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa maana ambayo mtu wa Tanga au wa Bagamoyo anaijua, na afisa ambaye hajawahi kupiga hesabu ya maji kabla ya kuingia bandarini hafai kupewa meli pwani. Halina njia za meli zilizogawanywa za kwenda na kurudi. Halina foleni ya meli za makontena zinazosubiri rubani wa bandari. Maji yake ni baridi, si ya chumvi, na meli huelea tofauti. Hilo ni dogo kwenye hesabu lakini ni kubwa kwa anayepakia hadi mwisho wa alama ya upakiaji iliyo ubavuni mwa meli. Kwa sababu hizo ninaona haki kwamba, katika ile miezi 36 ya mtu asiye na programu ya mafunzo, muda wa ziwani ukubaliwe hadi nusu, na miezi sita ya zamu chini ya uangalizi ibaki kuwa ya baharini kwa anayetaka cheti cha baharini. Atakayeniambia nusu ni nyingi au ni kidogo nitamsikiliza. Nisichokubali ni kuendelea bila kiasi kilichoandikwa mahali ambapo kila mwombaji anaweza kukisoma kabla ya kuuza mbuzi wake kulipia safari.

Nusu hiyo ije na masharti. Chombo kiwe na ukubwa uliotajwa, kiwe na kitabu cha safari kinachojazwa kila zamu, na mwombaji awe na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kilichotengenezwa kwa ajili ya maziwa, chenye kazi za ziwani ndani yake: kuongoza usiku katikati ya wavuvi, kupakia pasipo na gati, kuhesabu abiria, kupokea na kutoa taarifa ya hali ya hewa, zoezi la mtu kuanguka majini. Kila kazi isainiwe na afisa aliyeiona ikifanyika, akiandika jina na namba ya cheti chake. Kitabu kikishakuwepo, mwenye chombo hana nafasi ya kumnyima kijana barua, kwa sababu ushahidi unakaa mikononi mwa kijana mwenyewe.

Nigeukie upande ambao wenzangu wa ziwani hawaupendi sana. Kama tunataka pwani ituheshimu, basi na sisi tukubali kwamba hakuna anayeshika zamu kwenye chombo cha abiria ziwani bila kutahiniwa. Kiwango hatuhitaji kukibuni. STCW ina kanuni ya meli za chini ya tani 500 zinazotembea karibu na pwani: afisa wa zamu awe na miaka 18 na mafunzo maalumu au miezi 36 ya utumishi kwenye sitaha, nahodha awe na miaka 20 na miezi 12 ya utumishi akiwa afisa wa zamu. Ichukuliwe kama ilivyo iwe kima cha chini cha meli zetu za ziwani zenye ukubwa huo, na kwa meli kubwa zaidi tupande ngazi vilevile. Ziwa Victoria sasa lina MV Mwanza, iliyojengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Ukubwa wa namna hiyo hauwezi kuongozwa kwa kanuni zilizowekwa kwa ajili ya vivuko. Mafunzo ya kudhibiti umati wa abiria, ambayo mkataba unayadai kwa meli za abiria za baharini, yana umuhimu zaidi kwetu kuliko kwa meli ya Zanzibar ambayo kila abiria ana kiti na tiketi yenye jina.

Boti za mbao za abiria zinazotoka Kibirizi na Ujiji ni suala gumu zaidi, na ndizo zilizobeba watu wengi tangu Liemba ilipoondolewa safarini kusubiri ukarabati. Liemba yenyewe iliingizwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo darasa la maafisa wa ziwa hili, na iliposimama darasa nalo likafungwa. Ukimwambia mwendesha boti ya mbao kwamba anahitaji cheti cha afisa atakucheka, na ukimfungia kazi vijiji vitakosa usafiri. Kwake ninapendekeza mtihani wa mdomo na wa vitendo peke yake: taa na kanuni za kupishana, mzigo na msawazo, matumizi ya dira, vifaa vya kujiokolea, na lini usitoke bandarini. Utolewe kwa Kiswahili. Kwa cheti cha baharini Kiingereza hakiepukiki, kwa sababu mkataba unakidai na rubani wa bandari ya Singapore hatakusubiri utafute mkalimani. Lakini kumnyima mtu kibali cha kwenda Lagosa, kijiji cha mwambao wetu, kwa sababu ya Kiingereza ni kuchanganya mambo.

Na anayetoka baharini kuja ziwani? Cheti chake kinatosha kisheria, na mara nyingi ni mtu mzuri aliyesoma vizuri Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Asiachiwe zamu ya usiku peke yake safari ya kwanza. Ile sheria ya Ulaya niliyoitaja inadai kibali cha ziada kwa vipande vya mto vyenye hatari mahususi, hata kama nahodha ana cheti kamili. Safari chache akiwa na afisa mwenyeji, zikiandikwa kwenye kitabu chake, zingetosha, na nafikiri maafisa wengi wa pwani wangezipokea kwa shukrani baada ya kuonja upepo wa Agosti.

Kuhusu nchi jirani nitasema kidogo. Kwa Ziwa Victoria ipo sheria ya usafiri ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007. Kwetu kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura, inayotokana na mkataba wa mwaka 2003, lakini kazi yake kubwa ni mazingira na rasilimali za ziwa. Tanzania, Burundi na Kongo zote sasa ziko ndani ya Jumuiya. Imebaki Zambia, ambayo tuko nayo SADC. Kutambuana vyeti vya maafisa wa ziwa hili kunawezekana, ila tutakuwa na cha kupeleka mezani pale tu tutakapokuwa na kanuni yetu wenyewe.

Serikali imeshatangaza mipango ya kiwanda cha meli Katabe, hapa Kigoma, na meli mpya ya mizigo kwa ajili ya ziwa hili, na reli ya kisasa inajengwa kuja Kigoma. Meli hujengwa kwa miaka miwili au mitatu. Afisa wa zamu, kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, anahitaji karibu muda huohuo, na chifu anahitaji zaidi. Kama hesabu ya vijana waliopo haianzi sasa, meli itakapoteremshwa majini tutaagiza maafisa kutoka pwani, na hawa waliozaliwa Kibirizi watabaki kupakia magunia.

Ombi langu kwa TASAC na kwa wizara inayohusika na uchukuzi ni la mambo matatu ambayo hayahitaji fedha nyingi: kuchapisha jedwali linaloonyesha muda wa ziwani unahesabiwa vipi kwa kila daraja la cheti, kutoa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo cha maziwa, na kuwaleta watahini Kigoma angalau mara moja kwa mwaka. Hili la mwisho ninalisisitiza. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kijana anayekwenda kupimwa macho, kuwasilisha karatasi na kuhojiwa huambiwa arudi wiki ijayo kana kwamba anakaa Kigamboni. Watahini wakija, waombe pia kuona vitabu vya safari vya meli zetu za zamani kabla havijaliwa na mchwa, kwa sababu humo ndimo yalimoandikwa majina ya watu ambao utumishi wao hauwezi kuthibitishwa mahali pengine popote.

Wako,
Afisa wa meli mstaafu,
Ujiji, Kigoma